Wimbo Mpya Kwenye Basi la Nausori

Kwenye basi la Nausori, kiti cha mbele yangu, kijana mmoja alimsogezea simu sikioni mama aliyekaa naye. "Sikiliza hii, mama. Mpya kabisa! Mtandao wenyewe umenichagulia."

Mama alisikiliza, kikapu cha magimbi mapajani. "Mpya wapi? Hiyo ni kwaya yetu ya kanisani Levuka. Wamebandika ngoma tu."

Mtandao haukujitetea. Kijana ndiye aliyeutetea: "Lakini ina wasikilizaji milioni!"

"Basi milioni nzima wamemsikia marehemu mume wangu akiingia na besi kabla ya wenzake. Nilimsema kila Jumapili, wala hakujali."

Basi likasimama, mwisho wa safari. Tukaanza kushuka. Mama hakusogea.

"Irudishe, mwanangu," alisema. "Hapo hapo anapokosea."