Bi Kwa Nini na Somo Lililotaka Kufutwa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha fasihi katika shule hii, mwalimu wetu wa Kiswahili anastaafu tarehe thelathini Novemba. Kwenye faili lake ana jina kamili. Koridoni ni Bi Kwa Nini. Jina hilo alipewa na wanafunzi, analijua, na huliitikia.

Alilipata kihalali. Mwanafunzi akiandika kwamba mhusika ni mchoyo, alirudishiwa daftari likiwa na swali hilo pembeni. Shairi likileta neno la ajabu mwishoni mwa mshororo, Bi aliuliza neno hilo limekuja kufanya kazi gani, au limefuata tu vina kama mgeni anayefuata harufu ya jikoni. Ili vina viingie masikioni, aliwatembeza wanafunzi koridoni wakighani, wakipiga mguu chini kila kina kilipofika. Mwalimu wa hesabu wa chumba cha pili alimlalamikia Mkuu wa Shule kwamba hasikii hata mawazo yake mwenyewe. Wiki iliyofuata alikutwa akigonga meza kwa chaki, mapigo yale yale. Hakulalamika tena.

Yalikuwepo pia mambo yasiyochekesha. Mwaka wake wa kumi na mbili hapa, matokeo ya fasihi yalianguka mara mbili mfululizo, na bodi ya shule ikapendekeza somo lifutwe katika madarasa ya juu. Mjumbe mmoja, mhandisi, alisema waziwazi kwamba tamthilia ni michezo ya watoto. Bi hakuomba huruma. Aliomba kitu kimoja: kabla ya kupiga kura, wajumbe waje wakae katika kipindi chake.

Walikuja. Darasa lilikuwa likisoma tamthilia ya baba aliyemfungia bintiye chumbani asiende kufanya mtihani. Desturi ya Bi ni kwamba mtu mmoja huketi mbele akiwa ndiye mhusika, na wenzake humhoji. Siku ile hakumwita mwanafunzi. Kwa heshima zote, alimkaribisha mhandisi.

Waliokuwepo, nami nimewauliza mmoja mmoja, wanasimulia kwamba mzee alianza kwa mzaha: nyumba yangu, binti yangu, funguo zangu. Darasa likacheka. Kisha msichana wa dawati la nyuma akasimama.

"Shikamoo, baba. Kama ni ukatili tu, mbona ulikesha mlangoni kwake?"

Mhandisi akajibu kwamba alikuwa akilinda.

"Ukilinda nini, baba? Si mlango ulikuwa na kufuli?"

Mzee akavua miwani. Aliposema tena, ilikuwa kwa sauti ambayo wajumbe wenzake hawakuwahi kuisikia kikaoni. Alisema aliogopa. Binti akifaulu ataondoka, na yeye atabaki na nani?

Katika madaftari ya darasa zima palikuwa na neno moja tu juu ya baba yule: mkatili. Bi hakutoa hotuba. Aliwaambia waandike upya, na kila sifa iwe na ushahidi wake kutoka kwenye tamthilia. Kura ilipopigwa, mkono wa kwanza kunyooshwa ili somo libaki ulikuwa wa mhandisi.

Lakini somo kubaki tu hakukutosha. Kwa miaka miwili Bi alifundisha kila Jumamosi asubuhi, mvua au jua, mpaka matokeo yakapanda. Hayajashuka tena.

Sasa watu wanauliza kama somo litasimama bila yeye. Muhula huu wote amekaa nyuma ya darasa la mwalimu kijana anayempokea kijiti, akikataa katakata kumsaidia, hata kijana alipomgeukia kwa macho ya kuomba. Mwanzoni kijana aligeuka kila mara, baadaye akaacha. Wiki iliyopita wanafunzi walibishana naye juu ya mhusika mmoja mpaka kengele ya mapumziko ikalia, na hakuna aliyeinuka. Bi ndiye aliyeinuka, akatoka taratibu, akaenda kunywa chai.

Asante sana, Mwalimu. Tunakuombea afya, furaha na mapumziko marefu. Nenda bila wasiwasi: fasihi imo kwenye ratiba ya muhula ujao, na hapo haitoki.