Kibeti wa Visimani

Benchi letu liko nje ya karakana ya Spana, kati ya rundo la matairi na mlango wa chumba cha ushonaji. Jumamosi mchana, kazi zikipungua, tunakaa wanne. Spana mwenyewe, fundi magari, ndiye anayeshika kitabu cha mchezo. Dokta Redio hutibu redio na simu. Shangazi ni mshonaji. Tunamwita hivyo ingawa hana undugu na yeyote kati yetu. Wa nne ni mimi, fundi viatu. Mchezo wenyewe ni wa hadithi: kila mtu anajichagulia mhusika, Spana anasimulia mmefika wapi na mmekutana na nini, wewe unasema unafanya nini, kisha dadu ya pande ishirini inaamua kama umefaulu. Miezi saba tulikuwa chini ya mlima mmoja tukitafuta mji uliopotea. Wiki iliyotangulia mhusika wa Shangazi aliliwa na joka, kwa hiyo siku hiyo alikuja na mpya, na ugomvi ukaanza kabla kahawa haijamiminwa.

— Nimechagua kibeti, alisema Shangazi. Wa visimani.

— Wa wapi?

— Visimani. Wameandikiwa mistari mitatu, chini kabisa ya ukurasa.

Spana alifunua kitabu, akasoma, akaguna.

— Hawa wamewekwa kujaza karatasi. Kibeti ni wa mlimani: ndevu, shoka, hasira, basi. Huyu wako kipaji chake nini? Eti husikia maji ndani ya jiwe! Shangazi, sisi tunakwenda vitani, hatuendi kuteka maji.

— Afutwe, alidakia Dokta. Koo za vibeti zimezidi. Wa barafu, wa majivu, wa uyoga. Kesho tutaletewa vibeti wa kabatini.

— Hao waje, nikasema. Wanirudishie soksi zangu.

— Mnacheka, lakini hii ni sayansi, alisema Dokta. Kibeti wa mlimani ana ndevu kwa sababu ndevu ni antena. Ndiyo maana anajua dhahabu ilipo. Mtie kisimani, ndevu zinalowa, mawimbi hayashiki tena.

— Umeyatoa wapi hayo? nikauliza.

— Miaka ishirini nafungua redio, leo utanifundisha antena?

— Nyote hamjui, alisema Spana. Vibeti wote walikuwa ukoo mmoja. Wakagombana harusini, kila mtu akakimbilia upande wake. Huyu wa visimani ni yule aliyekimbia bila kuangalia mbele.

Tulicheka hadi benchi likalia. Shangazi hakucheka. Alikuwa anapinda sketi ya shule. Akakata uzi kwa meno, akatutazama mmoja mmoja.

— Baba yangu alichimba visima miaka thelathini. Kule chini alikuwa anaweka sikio ukutani, anasema, “Bado mikono miwili.” Na kweli, mikono miwili, maji hayo. Nimesikia hadithi za wafalme, za wawindaji, hata za wezi. Ya mchimba visima sijaisikia hata moja. Leo nimepata mistari mitatu, na nyinyi mnataka kuifuta.

Dokta alijifanya anatafuta kitu mfukoni.

— Haya, cheza, alisema Spana, kwa sauti ya mtu anayempa mgeni kiti kibovu.

Akatuingiza katika ukumbi mmoja ndani ya mlima. Mlango wa jiwe ukajifunga nyuma yetu. Mbele yakasimama majitu ya chuma, arobaini. Kibeti wa Dokta, wa mlimani, wa ndevu na hasira, akarusha shoka. Dadu ikatoa mbili: shoka likavunjika. Mimi mishale ilishakwisha. Spana alikuwa anatabasamu.

— Miezi saba, alinong'ona Dokta. Ndiyo tumekwisha hivi?

— Ukuta wa kushoto, aliuliza Shangazi, una baridi au joto?

Spana alichungulia kitabu.

— Baridi.

— Una unyevu?

— Kidogo.

— Na sakafu imeinamia wapi?

— Kwa majitu.

— Naweka sikio ukutani.

Akatupa dadu. Ikagonga birika, ikazunguka, ikalala: kumi na tisa. Spana aliisoma mara mbili.

— Unasikia mto.

— Umbali gani?

— Kibeti wa visimani ni wewe. Sema mwenyewe.

Shangazi aliinamisha kichwa kama anayesikiliza.

— Mikono miwili. Jamani, pigeni hapa. Si juu, si chini. Hapa!

— Sina shoka, napiga kwa kofia ya chuma! alipiga kelele Dokta, tayari amesimama.

Kumi na sita. Nikatupa ya kwangu: kumi na nne. Spana naye akaruka juu, akasahau kwamba majitu yalikuwa yake.

— Ukuta unapasuka! Maji yanateremka! Yanayazoa yote arobaini kama makopo! Yanavunja lango la mbele, na nyuma ya lango... taa. Maelfu ya taa. Jamani, mji ule pale!

Dokta alimkumbatia Shangazi pamoja na sketi ya watu na sindano yake. Mimi nilikuwa napiga tairi kama ngoma. Hata Shangazi alikuwa analia huku anacheka. Spana alichomoa kalamu sikioni, na pembeni ya ile mistari mitatu akaandika kwa herufi kubwa: WALITUOKOA SOTE.

— Si ulisema wafutwe? Shangazi alimwuliza Dokta.

— Wakifutwa hawa, nifutwe na mimi.

Mteja mmoja, dereva wa lori aliyekuwa anasubiri breki zake, alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote bila sisi kumwona.

— Samahani jamani, alisema. Huo mto ulikuwa unatoka wapi?

Spana alifunua kitabu, akakifunga. Dokta alifungua mdomo, tukangoja nadharia, haikutoka. Shangazi alipangusa macho, akaweka sketi pajani, akamsogezea yule bwana nafasi kwenye benchi.

— Kaa, shemeji. Kahawa imekwisha, lakini mto upo.