Upande wa Nyuma wa Bango

Kule Patna, mtaa wa Bhikhna Pahari, ambako kila ukuta una picha za waliofaulu na kila dirisha lina kijana anayekariri, lipo benchi la miguu mitatu na matofali mawili. Ni la Phulmati muuza chai, ambaye wateja wote humwita shemeji ingawa mumewe hawamjui. Upande wa matofali hukaa Ratiba. Jina lake ni Baidyanath, lakini mtu aliyetangaza kuchelewa kwa treni stesheni miaka thelathini haachiwi jina lake. Alasiri hiyo ya Juni alikuwa na jambo moyoni. Binti yake, Sunaina, alifanya mtihani wa kuajiriwa serikalini. Ikagundulika kuwa maswali yalizunguka kwenye simu tangu siku moja kabla, mtihani ukafutwa. Vijana wana siku ya kumi na mbili uwanjani wakidai tarehe mpya, na tarehe mosi Agosti Sunaina anavuka umri wa kuruhusiwa. Hilo Ratiba hakulisema. Alisema mengine.

— Shemeji, tangawizi leo umeisahau, au nayo imevuja?

— Kunywa, Ratiba. Ukitaka tangawizi kaandamane.

Akaingia Redio, kinyozi wa jirani, mkasi sikioni, ameacha mteja na nusu ya ndevu.

— Mmesikia? Chama cha Ngazi kimeleta jukwaa uwanjani!

— Si jana Chama cha Ndoo kilileta maji? — Ratiba aliuliza, maana huko vyama huitwa kwa alama zao za kura.

— Ndoo maji, Ngazi jukwaa, kesho atakuja wa tatu na tarumbeta. Maandamano gani hayo? Harusi isiyo na bibi harusi!

Wakili, aliyekaa ncha ya pili ya benchi, alishusha gazeti. Alikaa chuo cha sheria miaka minne akatoka bila cheti, lakini na jina.

— Mimi nilisema mapema. Wale watoto wametumwa. Mwanafunzi wa kweli yuko chumbani anasoma.

— Anasoma nini, na mtihani haupo? — Phulmati aliuliza.

— Anasoma tu! Anajiweka sawa!

— Wakili, mwanangu yuko kule, — Ratiba alisema. — Nani kamtuma? Mimi baba yake nikimtuma sukari hanisikii.

— Hawatumwi kwa mdomo, kaka, — Redio alidakia. — Wanatumwa kwa sambusa. Juzi wamegawiwa sambusa uwanja mzima. Ndani ya sambusa kuna nini? Viazi. Na sokoni viazi vimeadimika. Jumlisha mwenyewe: waliovujisha mtihani ni wauza viazi.

— Viazi huadimika kila mwaka wakati huu, we kinyozi, — Phulmati alisema.

— Redio anawaza kidogo, — Wakili alisema. — Mtihani haukuvuja kabisa. Kilichovuja ni habari kwamba umevuja. Ndoo wapate la kulaumu, Ngazi wapate la kuahidi, na nyuma yao wote ipo nchi ya nje.

— Ipi?

— Ya nje! Kijana asipopata kazi haoi. Asipooa hazai. Baada ya miaka ishirini jeshi letu litakuwa la wazee kama Ratiba.

Redio akatoa mkasi sikioni kwa heshima.

— Kumbe! — Ratiba alisema. — Binti yangu hajaolewa kwa njama za nchi ya nje, na mimi nimemnunia shangazi yake miaka mitatu kwa kutomtafutia mchumba.

Phulmati akachota chai, akaimwaga kutoka juu, ikatoa povu.

— Ya nini kwenda mbali? Nani hapa ana vyumba vitatu amepangisha wanafunzi? Mtihani ukisogezwa mwaka, na wapangaji wanabaki mwaka.

Wakili akarudi nyuma ya gazeti.

— Hayo ni mambo ya ndani, shemeji.

Ndipo Sunaina alipotokea, pua imebabuka kwa jua, kwapani bango kubwa kuliko yeye. Aliliegemeza ukutani, akainama kugusa miguu yao mmoja mmoja, wakambariki haraka haraka, maana macho yao yalikuwa kwenye bango. Pichani, mkubwa wa Chama cha Ngazi alikuwa akiwachekea, meno yote nje.

— Ushahidi huo! — Wakili aliruka. — Binti, umeingia Ngazi lini?

— Sijaingia popote, ami. Asubuhi walikuja wakakusanya mabango yetu, eti yamechakaa, wakatugawia haya. Karatasi yao nzuri, haikunjwi na upepo. Nikaandika nyuma.

— Na wapiga picha wa magazeti wanasimama upande gani? — Ratiba aliuliza.

— Upande wa meno.

Akaligeuza. Kwa wino mweusi, herufi za mtu aliyezoea kujaza fomu: MTIHANI UNARUDIWA TAREHE NGAPI?

— Ndoo nimewauliza, wakanihutubia. Ngazi nimewauliza, wakanipa kofia. Ninyi mko hapa na magazeti tangu asubuhi. Haya, tarehe ngapi?

Redio alikumbuka ndevu za watu, akaondoka. Wakili alipekua kurasa. Phulmati alichungulia sufuria. Ratiba alihisi macho ya mwanawe. Miaka thelathini, hata treni asiyojua iko wapi aliipa saa, watu wakakalia mizigo yao kwa matumaini. Akafungua mdomo, sauti ya stesheni ikatoka yenyewe:

— Tunasikitika kwa usumbufu wowote utakaojitokeza...

Sunaina alicheka mpaka akakaa chini.

— Baba! Ndivyo bodi ya mitihani ilivyotujibu, neno kwa neno!

Ratiba naye akacheka, kisha akaacha.

— Tarehe mosi Agosti anavuka umri, — aliwaambia wenzake, polepole. — Sikuwaambia.

Ratiba akasimama ghafla, benchi likainuka upande mmoja na Wakili akashika hewa.

— Unakwenda wapi?

— Kutangaza. Kipaza sauti cha stesheni kilikuwa kikiharibika kila wiki, na hakuna aliyewahi kusema hakunisikia. Twende, mama. Wewe shika bango, mimi nitawasomea hao wa upande wa meno kilichoandikwa nyuma.

Walipofika kona, sauti ililipuka juu ya honi zote:

— Abiria wote wanaongoja mtihani! Unarudiwa tarehe ngapi?

Phulmati akacheka, akafunika sufuria. Wakili alihamia upande wa matofali, akavaa miwani yake, akaanza kuitafuta tarehe kwenye ukurasa wa michezo.