Nesi Cresensia na Mwasumini wa Kilindoni

“Bibi, mti hauumii?” Nilimwuliza marehemu bibi yangu swali hilo Desemba 2015, nikiwa na miaka sita, siku nilipomwona kwa mara ya kwanza akiukata mwasumini wake, mti mbichi kabisa, mpaka vikabaki visiki vya kunifika magotini. Alinipa kikapu nikusanye matawi.

Marehemu Cresensia Rutaihwa alizaliwa tarehe 14 Agosti 1954, Kamachumu, wilayani Muleba, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa nne kati ya saba.

Alianza shule ya msingi hapo hapo kijijini mwaka 1962, akasoma sekondari Bukoba mjini, na mwaka 1976 akahitimu uuguzi na ukunga. Alitusimulia kwamba alichagua uuguzi kwa sababu ya viatu vyeupe. Nilidhani ni utani hadi nilipoiona picha ya mahafali: amekaa mstari wa mbele, miguu ameinyoosha, na viatu vinaonekana kuliko uso.

Machi 1979 alihamishiwa Mafia. Alishuka Kilindoni akiwa ametapika njia nzima, akaapa kuandika barua ya uhamisho wiki hiyo hiyo. Barua hiyo hakuiandika. Alihudumu wodi ya wazazi miaka thelathini na mitano, hadi alipostaafu mwaka 2014. Wengi mliopo hapa, mikono ya kwanza kuwashika ilikuwa yake, na wengine aliwachapa kofi ili mlie.

Tarehe 20 Juni 1981 alifunga ndoa na marehemu babu yetu, Mwalimu Gerson Mbaga, mzaliwa wa Same, aliyekuwa akifundisha Baleni, hapa hapa Mafia. Babu alitangulia mwaka 2009.

Ndoa hiyo ndiyo iliyoleta mwasumini. Jirani yao, Bibi Mwanahalima, ambaye tunaye hapa mbele, aliinamisha tawi la mwasumini wake, akalifukia udongoni na kulikandamiza kwa jiwe hadi likatoa mizizi, akamletea bibi harusi. Sasa marehemu alikuwa mtu wa migombani, na kwao mmea ukiupenda unaulisha. Akaurundikia samadi ya mbuzi, akaumwagilia asubuhi na jioni. Miaka mitatu ukatoa majani matupu.

“Shoga, umeulisha mno,” Bibi Mwanahalima akamwambia. “Mti ulioshiba utahangaika na maua ya nini?”

Marehemu hakusikia. Siku moja mwaka 1984, mvua za vuli zilipokwisha, akiwa kazini, jirani akaingia na panga, akaukata, na panga akalisahau pale pale. Marehemu aliporudi alilia kama aliyefiwa, akalificha lile panga, akamnunia mwenzake miezi miwili. Hata salamu zikawa zinapitia kwa Babu. Mwezi wa pili, joto likielekea ukingoni, machipukizi mapya yakajaa matumba meupe. Marehemu akachuma sahani nzima alasiri, kabla hayajafunguka, akaipeleka kwa jirani.

“Ahsante,” akajibiwa. “Na panga langu je?”

Tangu hapo aliukata mwenyewe kila mwaka, akapunguza samadi na maji. Kila Jumamosi ya msimu wa maua, sahani moja ilikwenda kanisani, nyingine kwa Bibi Mwanahalima.

Mwaka 2016 aligundulika kuwa na kisukari. Januari 2023 alijikwaa, na kidonda cha mguu wa kushoto kikakataa kupona. Madaktari wakasema mguu ukatwe chini ya goti, la sivyo tutampoteza. Yeye aliyewashawishi wagonjwa wengi wakubali upasuaji alikataa katakata.

“Nilizaliwa na miguu miwili, nitazikwa na miguu miwili.”

Baba yangu, Costantine, alimbembeleza siku tisa, na homa inapanda. Siku ya kumi Bibi Mwanahalima akaja, akaketi kitandani kwake.

“Nesi, mara hii mkataji si mimi. Ukitaka kununa, mnunie daktari. Lakini unune ukiwa hai.”

Marehemu alicheka, kisha akalia, kisha akamwambia Baba, “Haya, tafuta usafiri.”

Alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam tarehe 2 Februari 2023, na tukajaliwa kuwa naye miaka miwili na mwezi mmoja zaidi. Baadaye figo zilichoka. Alifariki dunia nyumbani kwake Kilindoni, Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini.

Ameacha watoto watatu, Costantine, Hosea na Recho, wajukuu wanane, dada mmoja huko Kamachumu, na shoga yake wa zaidi ya miaka arobaini. Mungu aliyemleta kwetu ampe pumziko lisilo na zamu.

Lile swali langu nilikuwa nimelisahau, yeye hakulisahau. Desemba iliyopita, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, alinikabidhi panga ili kwa mara ya kwanza niukate mimi. Nikasita. Akashika pale mguu wake ulipoishia, akasema:

“Uliniuliza kama mti unaumia. Unaumia, mjukuu wangu. Hata pale pasipokuwapo tena panauma. Kata.”