Bi Mwatum Usi Anatuachia Sinia Lake

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi, Bi Mwatum Usi wa kitengo chetu cha mitaro na miteremko anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Rasmi, tunasema! Sisi tuliokaa naye ofisi moja hapa Ng'ambo tunajua kwamba mvua ya kwanza ya vuli itamtoa kitandani kama kawaida.

Alianza akiwa mpimaji wa mitaro, akaenda kusomea udongo, akarudi na shahada na lile sinia. Ndiyo, sinia la kupakulia pilau. Kwenye mikutano ya mitaa huliweka juu ya mkeka, akalijaza udongo mwekundu, nusu yenye majani yaliyoshika mizizi na nusu tupu. Kisha huliinua upande mmoja na kumimina birika zima la maji. Penye majani maji hupita taratibu. Penye utupu udongo hunywa, hulegea, halafu wote huporomoka kama uji uliomwagika. Hapo ndipo somo linapoanza: masika ya siku nyingi na mteremko wenye udongo mlegevu ni maumbile, lakini kukata miti, kuchimba kifusi chini ya kilima na kujaza taka mitaroni ni mikono yetu wenyewe. Hakuna aliyewahi kusinzia, ila waliokaa mbele walirudi kwao na kanzu za matope.

Siku yake kubwa ilikuwa masika ya 2017, kwenye kilima kimoja upande wa juu wa Mtoni. Kila aliyejenga pale alijaza msingi wa nyumba yake kwa kifusi alichokichimba nyuma ya nyumba hiyohiyo, maana kilikuwa karibu, tena cha bure. Nyumba zikainuka, kilima kikabaki kimesimama wima kama ukuta. Machimbo nayo yakaacha uwanja mzuri wa tambarare, na penye uwanja wa tambarare Unguja hii, hapakosi harusi.

Asubuhi ya harusi moja, mvua ikiwa haijakatika kwa siku kadhaa, Bi Mwatum alipanda kilimani akaona nyufa. Akateremka mbio kumwomba Mzee Pandu, baba wa biharusi, aihamishie shughuli skuli, ng'ambo ya barabara. Mzee akakataa katakata: turubai limeshafungwa, wageni wako njiani. Bi Mwatum hakugombana naye. "Nshasema na nyinyi," alimwambia, "sasa nnakwenda kusema na wapishi."

Sinia likatoka, birika likamiminwa mbele ya kina mama wa biriani, na wala hawakungoja amalize. Masufuria yakapakiwa kwenye gari la ng'ombe, lilelile lililozoea kubeba kifusi, yakavuka barabara. Mtaa mzima ukafuata biriani, kama alivyojua utafuata! Mzee Pandu alikaa peke yake chini ya turubai kwa muda, kisha naye akafungua mwavuli akavuka.

Baada ya sala ya adhuhuri kilima kilishuka. Tope lilifukia turubai, viti na jukwaa, likaingia majumbani hadi madirishani. Hapakuwa na mtu hata mmoja. Nnayajua haya vizuri kwa sababu biharusi nilikuwa mimi, nimeketi kule skuli, chumba cha darasa la nne, na hina mikononi, nikausikia ule mngurumo. Sijausahau, wala sitausahau.

Mwaka uliofuata niliomba kazi katika kitengo hiki. Nimemwona Bi Mwatum akikikata kilima kile ngazi kwa ngazi, akapanda miti, akachimba mtaro, akasimamisha uchimbaji wa kifusi kwa kuwasumbua wakubwa mpaka wakachoka. Masika ya mwaka huu yalikuwa makali sana. Kilima hakikusogea! Ofisini tulipiga vigelegele, na Mzee Pandu alituletea sufuria la biriani.

Wiki iliyopita alinikabidhi sinia, limebonyea na halitakati tena kwa sabuni yoyote. Bi Mwatum, ahsante kwa mitaro, kwa vicheko, na kwa roho za watu wangu. Mola akupe afya, umri na raha ya wajukuu. Na mvua ikianza kupiga madirisha yako kule Michenzani, geukia upande wa pili ulale. Sisi tumeshaamka.

Yusra Pandu