Vonda Killian Teague, Mfunga Vidole vya Soksi

Mpwa wangu Vonda alikuja duniani tarehe 9 Machi 1953, nyumbani kwao Barabara ya Buffalo, mjini Tarrow, Karolina ya Kaskazini. Hakuzaliwa hospitali kwa sababu gari la baba yake, Carl Killian, lilikataa kuwaka. Lingekuwa langu lingewaka. Mama yake alikuwa dada yangu Ola, na sura nzuri aliitoa upande wetu.

Alisoma hapa hapa Tarrow na kumaliza sekondari Juni 1971, wa kwanza katika ukoo wetu. Mimi niliishia darasa la nane, nikaona yaliyobaki ni marudio. Alipokuwa na miaka tisa nilimwonyesha ngozi ya dubu, nikamwambia nilimuua kwa ngumi. Akaigeuza, akaikagua, akauliza, "Mjomba Hoyt, ngumi zako hutoboa matundu matatu?" Ndivyo alivyokuwa. Humdanganyi mtu huyo.

Julai 1971 aliingia kiwanda cha soksi. Soksi hutoka kwenye mashine ya kufuma ikiwa wazi huku na huku, kama mrija, na ni wanawake wa chumba cha vidole walioifunga mbele. Vonda alifanya kazi hiyo miaka thelathini na mitatu. Tarehe 19 Mei 1973 aliolewa na Garland Teague, dereva wa lori, mtu mwema japo hajui kuvua samaki. Mungu akawapa Misty.

Ijumaa tarehe 13 Agosti 2004 kiwanda kiliwaachisha kazi wanawake wote ishirini na wawili wa chumba kile. Soksi zikawa zinafumwa hapa, zinapelekwa Hondurasi zikiwa wazi, zinarudi zimefungwa. Sheria inasema mtu ambaye kazi yake imehamishiwa ng'ambo asaidiwe na serikali: asomeshwe kazi nyingine, achangiwe bima ya matibabu. Vonda alitaka uuguzi. Na bima aliitaka kuliko sisi tulivyojua, maana alikuwa amegusa uvimbe kwenye titi, akamwambia rafiki yake wa chumba kile, Noreen Huskey, peke yake. Bila bima hakuthubutu kwenda kwa daktari na kuiponza nyumba ya Garland kwa deni la matibabu.

Wote wakaomba msaada huo, na Novemba likaja jibu: kiwanda bado kinazalisha soksi Tarrow, hakuna kilichohamishwa, ombi limekataliwa. Nimefuga nguruwe, nimezibua vyoo vya watu, lakini uvundo wa karatasi ile sijawahi kuunusa popote.

Nikawapeleka yeye na Noreen kwenye ofisi iliyoiandika. Vonda akaweka soksi mezani mbele ya kijana wa dirishani.

"Kijana, hii ni nini?"

"Soksi, mama."

"Ivae."

"Mama, niko kazini."

"Hata mimi ningependa kuwa kazini. Vua kiatu."

Foleni nzima ilikuwa inamtazama, akavua. Mguu ukaingia huku ukatokea kule, soksi ikapanda mpaka gotini.

"Hongera," Noreen akasema, "umepata bendeji!"

Watu wakacheka. Kijana akawa mwekundu kama nyanya. "Naona, mama. Lakini kwenye kanuni zetu hiyo inahesabiwa soksi."

"Basi nenda nayo nyumbani hivyo hivyo," Vonda akamjibu. "Mkeo akikuuliza vidole viko wapi, mwambie viko Hondurasi."

Mimi niliongeza neno ambalo sitalirudia mbele ya mchungaji.

Vonda akakata rufaa. Akaandika kurasa kumi na moja kwa mkono wake, na Aprili 2005 wote ishirini na wawili wakakubaliwa. Miezi minane ofisi ilihitaji ili ijue kwamba soksi ina mbele. Uvimbe nao haukukaa ukisubiri. Tarehe 3 Mei daktari akamwambia ni saratani na imesambaa. Akamwuliza mbona umechelewa hivi. Mimi najibu leo: hakuchelewa yeye.

Agosti alianza masomo hata hivyo, kitambaa kichwani, nywele zimekwisha. Mtihani wa mifupa aliwashinda wasichana wa miaka ishirini. Akili hiyo nayo ni ya upande wetu. Noreen, aliyesoma naye, alihitimu uuguzi, na ndiye aliyemuuguza mpaka Jumamosi tarehe 7 Oktoba 2006, saa kumi na dakika kumi alasiri, alipotutoka nyumbani kwake. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu.

Jana, Jumanne, ikaja barua ya ofisi ile ile. Kwamba Bi Teague hajahudhuria darasani siku kumi, na asipojieleza kwa maandishi msaada wake utakatwa. Garland alitaka kuichoma. Nikamwambia lete hapa. Nimewaandikia kwa mkono wangu, makosa na yote, nikawapelekea jana hiyo hiyo: "Mwanafunzi wenu tunamzika Jumatano saa nane mchana, Kanisa la Baptisti la Tarrow. Njooni mhakiki." Viti viwili vya mbele nimewawekea. Mnaviona viko vitupu.

Ameacha mume, Garland; binti, Misty; kaka yake, Dwight Killian; wanawake ishirini na mmoja wa chumba cha vidole; na mimi, mjomba wake, Hoyt Bumgarner.

Pumzika kwa amani, Vonda. Uliko hakuna anayekudai maelezo.