Kiguu na Njia na Bwawa la Chuo

Ndugu, jamaa na majirani, tuvumilieni tukisoma mbio kidogo, maana mwenyewe hakujua kukaa kitako, ndiyo sababu sote tulimwita Kiguu na Njia.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1974, mtoto wa tatu wa mwalimu na mshona nguo, akaanza shule ya msingi mwaka 1982, akamaliza kidato cha nne mwaka 1992, kisha akauza miche ya maua kando ya barabara, ambako fundi umeme mmoja alinunua mche, akarudi kununua mwingine, hadi kwao kukakosa pa kukanyaga, wakafunga ndoa tarehe 20 Desemba 1997, wakajaliwa binti na mvulana.

Mwaka 2016 alijiunga na chuo kikuu kusomea uhifadhi wa bioanuwai, mwaka uleule na binti yake, ambaye mwanzoni akimwona mama kantini aligeuza njia. Muhula wa kwanza, kwa moyo mweupe, alileta mmea wa maji wenye maua ya zambarau, akautia katika bwawa la nyuma ya maabara, wenzake wakampigia makofi. Mwaka wa pili mhadhiri akawaonyesha picha ya gugumaji, mmea mgeni unaotanda juu ya maji na kuwanyima hewa viumbe walio chini, dada yetu akalitambua ua lake, akatoka darasani bila kuaga, akakuta bwawa limefunikwa gubigubi, vyura kimya.

Hakutulia tena. Kila Jumamosi aliingia majini na reki na mabuti ya mumewe, akang'oa gugu, likaota tena, na hata alipohitimu mwaka 2019 na kuajiriwa bustani ya mimea hakuacha, shemeji akimwambia asiyekubali kushindwa si mshindani, yeye akimjibu amshikie ndoo.

Moyo ulianza kumsumbua Januari 2023, madaktari wakamkataza kazi nzito, akawa anakaa ukingoni akitugombeza sisi tulioshika reki badala yake, na Jumamosi ya mwisho kabla ya kulazwa akasikia chura mmoja, akatunyamazisha wote, akalia. Alifariki hospitalini tarehe 11 Juni 2024, akiuliza Jumamosi ni lini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi msibani, wafanyakazi wenzake na mhadhiri wake. Tunaomba asiletewe maua, ila mwenye nguvu aje bwawani Jumamosi, reki zipo.

Pumzika kwa amani, Kiguu na Njia, keti sasa, zamu ni yetu.